Una ketibeli moja, programu inataka tatu: mwongozo kamili

Tatizo ni lile lile. Mtu anapakua programu ya mazoezi ya ketibeli (chuma cha duara chenye mshikio juu) ya wiki nane, anakuta imeandikwa kilo 12, kilo 16 na kilo 24, naye ndani ana ya 16 peke yake. Anaamua kufanya kila kitu kwa hiyo 16, seti zile zile, marudio yale yale. Wiki ya pili swingi (kukirusha chuma kutoka kati ya miguu hadi usawa wa kifua kwa nguvu ya nyonga) zimeshakuwa mchezo wa watoto huku skwati (kuchuchumaa na kuinuka) hazimtoi hata jasho. Wiki ya nne ketibeli inazuia mlango usibamizwe na upepo.

Kilo zilizoandikwa kwenye programu zinakuambia jambo moja tu: zoezi hili liwe gumu kiasi gani. Ugumu huo ndio wa kuutafuta kwa chuma ulichonacho. Kila mstari wa programu unatafsiriwa kivyake, kwa sababu uzito mmoja unaweza kuwa mwepesi kwa miguu, wa kadiri kwa mgongo na mzito kwa bega, yote hayo siku moja, kwa mtu yule yule.

Mwongozo huu ni wa anayejua tayari kupiga swingi na presi (kukisukuma chuma juu ya kichwa) bila maumivu. Kama hujawahi, tafuta mtu wa kukuonyesha kwanza, maana maandishi hayasahihishi mgongo uliopinda. Mwenye ngiri, presha isiyodhibitiwa, ujauzito au mgongo unaouma akiinama aanzie kwa daktari.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ketibeli moja, iliyopimwa. Usiamini namba ya ubavuni, hasa kwa zile za saruji zilizovikwa plastiki na zile za kuchomelewa na fundi. Panda kwenye mizani ya bafuni ukiwa umeishika, kisha panda bila kuishika. Tofauti ndiyo uzito wake. Huna mizani ya bafuni? Mwenye duka la nafaka atakupimia.
- Daftari, na simu ya kuhesabia sekunde.
- Nafasi. Mita 2 mbele yako, mita 1 kila upande. Kisha tazama juu. Vyumba vingi vya kupanga vina feni ya dari, na presi chini ya feni inayozunguka ni ajali inayosubiri siku yake. Nyosha mkono juu ukiwa huna kitu. Kati ya ngumi na dari pabaki angalau sentimita 40.
- Mkeka wa mpira au zulia kuukuu. Vigae vikidondokewa na jasho vinateleza vibaya sana. Kandambili weka pembeni. Piga tizi peku au na raba ya soli bapa.
- Kreti la soda au kigoda imara.
- Begi la mgongoni na chupa nne za maji za lita 1.5. Kila chupa ikijaa ni kilo moja na nusu, kwa hiyo begi lina kilo 6 hivi.
- Taulo, na chaki ya magnesiamu ukiipata.
- Msasa laini. Pitisha kidole upande wa ndani wa mshikio. Ukiguswa na ukingo mkali, usugue mpaka uishe. Huo ndio unaochana viganja vya watu halafu wanalaumu programu.

Hewa ya Dar inaleta kutu haraka. Futa jasho kila ukimaliza na upake mafuta kidogo kwenye tumbo la chuma. Mshikio usiuguse na mafuta kabisa.

## Hatua ya 1: Jua rekodi yako kwa kila zoezi

Chagua siku ambayo hujachoka. Pasha mwili moto dakika 5, kisha pima, kwa ketibeli yako, unafikisha marudio mangapi (hiyo ndiyo rekodi) katika mazoezi matatu: presi ya mkono mmoja, skwati ya kukumbatia (chuma kimeshikwa kifuani kwa mikono miwili), na kuvuta kwa mkono mmoja ukiwa umeinama. Pumzika dakika 3 hadi 5 katikati.

Anza na mkono dhaifu, na rekodi ya mkono huo ndiyo itakayotumika kwa yote miwili. Sababu ni rahisi: ukipanga kwa mkono wenye nguvu, ule mwingine utalazimika kuiba kwa kujipinda kila siku ya mazoezi.

Acha kuhesabu pale rudio linapopungua kasi ghafla, kiuno kinapopinda nyuma kwenye presi, au visigino vinaponyanyuka kwenye skwati. Rudio la kuiba halihesabiwi. Swingi usiipime mpaka kushindwa. Piga 20 za mikono miwili, na kama unaweza kutamka sentensi nzima mara tu ukiweka chini, andika "nyepesi".

Umefanikiwa ikiwa una namba tatu na neno moja kwenye daftari. Mfano: presi 7, skwati 22, kuvuta 14, swingi nyepesi.

## Hatua ya 2: Tenga mazoezi ya mrusho na ya polepole

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo soma taratibu.

Ya mrusho ni swingi, kuipandisha begani kwa mkupuo mmoja, na snachi (kuirusha moja kwa moja mpaka juu ya kichwa). Nguvu inatoka kwenye nyonga kwa mlipuko. Chuma kikiwa chepesi, ongeza ugumu kwa kuhamia mkono mmoja, kuongeza kasi, kuongeza seti au kupunguza pumziko.

Ya polepole ni presi, skwati, kuvuta na kuinuka Kituruki (kutoka kulala chali mpaka kusimama, mkono umeshika chuma juu muda wote). Haya unayakaza kwa kushuka taratibu, kusimama chini sekunde kadhaa, au kuhamishia mzigo kwenye mguu mmoja.

Usichanganye mafungu haya. Swingi iliyopunguzwa kasi ili "iwe ngumu" inageuka kuwa kuinua kwa mabega na mgongo wa chini, na maumivu ya kiuno hayachelewi. Mazoezi ya mrusho pia hayapelekwi mpaka kushindwa. Kidole kilichochoka kinaachia chuma kikiwa hewani.

## Hatua ya 3: Tafsiri mstari mmoja mmoja

Kanuni ya mazoezi ya polepole ni hii: seti moja iwe theluthi mbili ya rekodi yako, na jumla ya marudio ikaribie jumla ya programu.

Tuseme programu inataka presi 5×5, yaani seti 5 za marudio 5, jumla 25 (namba ya kwanza ni seti, ya pili marudio). Rekodi yako ikiwa 5, seti za 5 zitakuwa kushindwa mara tano mfululizo. Fanya 8×3, jumla 24. Rekodi ikiwa 7 au 8, 5×5 ibaki kama ilivyo. Ikiwa 12, fanya 3×8. Ikiwa 3, fanya 10×2 na uridhike na jumla ya 20. Rekodi ikizidi 15, kuongeza marudio kunaanza kujenga pumzi zaidi ya nguvu: badilisha aina ya zoezi.

Kwa nini theluthi mbili? Kwa sababu inakuachia akiba ya marudio mawili matatu kila seti. Mwenye akiba anarudi keshokutwa akiwa mzima, na anayejimaliza Jumatatu anaikosa Jumatano.

Sasa mfano mzima. Programu ya siku tatu kwa wiki, chuma chako ni kilo 16, rekodi ni zile za hatua ya 1.

Swingi ya mikono miwili, kilo 24, 10×10. Hamia mkono mmoja: seti 10 za marudio 10, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kwa zamu. Mzigo wa upande mmoja unataka kuukunja mwili, kwa hiyo tumbo na vidole vinafanya kazi ambayo 16 ya mikono miwili haikupi. Kama mkono mmoja bado unakusumbua, baki na miwili, piga 15 kwa seti, na uanze seti mpya kila sekunde 75.

Kitazame chuma kikifika usawa wa kifua. Mkono na ketibeli vikiwa mstari mmoja, kana kwamba chuma ni mwendelezo wa kigasha, nyonga zimefanya kazi yake. Tumbo la ketibeli likining'inia chini ya ngumi, umeinua kwa bega. Kwa chuma chepesi kosa hili ni rahisi mno kulifanya, kwa sababu bega linaweza kulibeba, na utapiga swingi mia moja bila makalio kujua kuna tizi. Dawa yake: kaza makalio kwa nguvu ukisimama, uache mikono iwe kamba tu, na chuma kikianza kushuka kisukume chini kwa kasi kuelekea kwenye nyonga badala ya kukingoja. Kadiri kinavyorudi kwa kasi, ndivyo kinavyokuwa kizito kukisimamisha. Inama dakika ya mwisho, mkono unapokaribia kugusa paja. Ukiinama mapema, chuma kitapita chini ya magoti na kukivuta kiuno.

Skwati ya kukumbatia, kilo 24, 5×5. Rekodi yako ni 22, kwa hiyo seti ya 5 ni kupoteza muda. Njia ya kwanza, na ndiyo ninayoipendelea kwa sababu haina fumbo: vaa begi lenye kilo 6 ukumbatie 16. Una kilo 22. Funga mikanda ikaze na uzungushie chupa taulo zisicheze, kisha pima rekodi upya. Njia ya pili: shuka kwa hesabu ya tatu, simama chini sekunde mbili bila kudunda, panda; 5×8. Njia ya tatu, ikiwa hata hivyo unazidi 15: mguu wa nyuma juu ya kreti lililogeuzwa na kuegemezwa ukutani, skwati kwa mguu wa mbele, marudio 6 hadi 8 kila upande. Jaribu kwanza bila chuma. Anayeyumba hana haja ya uzito bado.

Presi, kilo 16, 5×5. Rekodi 7. Acha kama ilivyo.

Kuvuta, kilo 24, 4×8. Rekodi 14. Theluthi mbili ni 9, lakini ukimaliza utaona bado una nguvu nyingi, kwa kuwa wengi wanavuta kwa kujirusha. Simamisha chuma ubavuni sekunde mbili, shusha kwa hesabu ya tatu, fanya 4×8. Ukishindwa kukisimamisha juu, hukuwa na 14 za kweli.

Kuinuka Kituruki, kilo 12, mara 3 kila upande. Hapa chuma chako ni kizito kuliko kilichotakiwa, kwa theluthi nzima. Wiki mbili za kwanza fanya ukiwa na kiatu juu ya ngumi. Kikidondoka, mkono haukubaki wima. Kisha chukua 16, panda mpaka kwenye kiwiko tu, rudi chini. Kiwiko kikizoea, panda mpaka kiganja, halafu ndiyo usimame. Rudio moja kwa upande, pumziko katikati.

Umefanikiwa ikiwa rudio la mwisho la seti ya mwisho linafanana na la kwanza, na ungeulizwa ungesema "mawili zaidi ningeweza".

## Hatua ya 4: Chuma kikiwa kizito mno

Kuna aliyenunua 24 kwa sababu ndiyo iliyokuwapo dukani, na presi yake ni sifuri. Asiirudishe.

Presi ibadilishwe kwa kusukuma na miguu: kunja magoti kidogo, nyoosha kwa ghafla, mkono umalizie, kisha shusha kwa hesabu ya tano. Seti 5 za marudio 2 au 3. Nguvu inajengwa kwenye ule ushukaji, kwa hiyo chuma kikianguka badala ya kushuka, seti imekwisha. Ongeza presi ya kulala sakafuni, ukikichukua chuma kwa mikono miwili ukiwa umelalia ubavu, usikivute kutoka kichwani. Marudio mengi yaliyobaki kwenye programu yafidie kwa pushapu.

Swingi: wiki mbili za dedilifti (kukiinua chuma kutoka sakafuni mpaka usimame wima) 5×8, kisha swingi za mikono miwili kwa seti fupi, marudio 5, mara 10 hadi 15. Seti fupi zinakuwezesha kuweka chini kabla mgongo haujalegea. Skwati kwa kawaida miguu inaweza. Kaa mpaka kwenye kreti kama kina bado hakipo.

Onyo: chuma kikikushinda kikiwa juu, kiachie na uondoke. Usijaribu kukiokoa. Ndiyo maana watoto hawakai karibu na mlango unabaki umefungwa. Kigae cha kununua ni rahisi kuliko bega.

## Hatua ya 5: Programu ya ketibeli mbili

Presi za mbili pamoja unazifanya mkono mmoja, kisha mwingine, marudio yale yale kila upande. Muda utakaribia mara mbili, kwa hiyo kata seti moja au mbili. Skwati za ketibeli mbili begani ndizo zisizo na mbadala wa kweli. Chukua ile ya kreti na mguu mmoja, ukubali kwamba ni zoezi jingine. Programu iliyojengwa yote juu ya mbili nzito iache tu, utafute nyingine.

## Hatua ya 6: Siku nzito, ya kadiri na nyepesi

Programu nyingi zinabadilisha uzito kati ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wewe utabadilisha aina na wingi.

Siku nzito: aina ngumu, yenye begi, kusimama au kushuka taratibu, marudio machache, pumziko la dakika 2 hadi 3. Siku ya kadiri: aina ya kawaida, theluthi mbili ya rekodi, pumziko sekunde 90. Siku nyepesi: aina ya kawaida, nusu ya seti. Watu wanaidharau siku nyepesi na kuijaza. Ukiijaza, umefanya siku mbili za kadiri, na mwisho wa mwezi viwiko vitakudai.

## Hatua ya 7: Namna ya kupanda bila kuongeza kilo

Kuna vitu vinne vya kuongeza, na vinakwenda kwa utaratibu huu: marudio, kisha seti, kisha kupunguza pumziko kwa sekunde 15, mwisho aina ngumu zaidi. Badilisha kimoja tu kwa wiki. Ukibadilisha viwili na mambo yakiharibika, hutajua ni kipi.

Kwa presi ya rekodi 7: wiki ya kwanza 5×4, ya pili 5×5, ya tatu 6×5, ya nne punguza mpaka 3×4, kisha pima rekodi tena. Ikipanda hata kwa moja, tengeneza mzunguko mpya kwa namba mpya. Isipopanda mizunguko miwili mfululizo, tazama kwanza usingizi na chakula. Kilo ziko mwishoni mwa orodha ya washukiwa.

Usifunge vitu kwenye ketibeli kwa gundi ya karatasi au kamba ili kuongeza uzito wa swingi. Vitaruka. Begi ni la mazoezi ya polepole peke yake.

Ukweli mmoja uwe nao: misuli inakua hata kwa seti za marudio 20, mradi ufike karibu na kushindwa. Lakini nguvu ya kuinua mzigo mkubwa zaidi haiji kwa kasi ile ile kwa chuma kilichokuwa chepesi.

## Joto na unyevu

Kati ya Desemba na Machi jasho la Dar halikauki mwilini, kwa hiyo mwili unapoa kwa shida. Anza saa 12 asubuhi, au baada ya Magharibi. Umeme ukikatika na chumba kikawa tanuri, toka nje au ongeza pumziko kwa nusu na ukate theluthi ya seti. Rekodi ya siku hiyo usiipime. Futa kiganja na mshikio kila seti, maana jasho likitiririka kutoka kwenye kigasha ndipo swingi ya mkono mmoja inapoponyoka.

Kizunguzungu, kichefuchefu au baridi ya ghafla: weka chini, kaa penye upepo, kunywa maji kidogo kidogo, jiweke kitambaa cha maji shingoni. Mtu akianza kuongea vitu visivyoeleweka, apelekwe hospitali mara moja huku akimwagiwa maji.

## Lini ununue ya pili, na ipi

Ukifikisha presi 10 safi kila mkono, na skwati ya begi imeshapita 15, muda umefika. Kutoka 16 kwenda 20 ni ongezeko la asilimia 25. Kwenda 24 ni asilimia 50. Bega linapenda ruko dogo, miguu na nyonga hazijali. Kwa fedha ya ketibeli moja tu, mwenye 16 achukue 24: swingi, skwati na kuvuta vinahamia huko siku hiyo hiyo, presi inabaki na ya zamani. Mwenye 12 aende 16 kwanza.

Kariakoo, kabla ya kuzungumza bei, ipandishe begani papo hapo dukani. Tumbo la chuma lilale kwenye kigasha bila kubonyeza mfupa wa kifundo, mshikio uingie mikono miwili bila vidole kupandana, na ikiwekwa sakafuni isiyumbe. Ikifeli moja kati ya hayo, nenda duka la pili.